Milioni mbili na nusu leo, au laki nne na ishirini kila mwaka? Kupima thamani ya sasa kwa lahajedwali

Shangazi yangu ana nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, hapa Amu (Lamu): daka (ukumbi wa kuingilia) mbele, kiwanda (ua wa ndani) katikati, zidaka (vishubaka) ukutani, na dari ya boriti ambayo upande mmoja imeanza kulegea. Mwaka huu alikuja mgeni anayetaka kuikodi kwa miaka kumi, akamwekea mambo mawili. Ama ampe shilingi 2,500,000 kwa mkupuo siku ya kutia sahihi, kisha wasisemezane tena habari za kodi mpaka miaka kumi iishe. Ama amlipe shilingi 420,000 kila mwaka.

Baada ya alasiri shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, wewe ndiwe mtu wa kompyuta. Nitwae zipi?"

Nilijibu haraka, na jibu langu lilikuwa la kijinga. Nikamwambia, shangazi, 420,000 mara kumi ni 4,200,000, hapo hapana mjadala, twaa za kila mwaka. Akacheka. "Na hizo za mwaka wa kumi nitazila na nani?"

Swali lake lilikuwa bora kuliko hesabu yangu. Shilingi itakayokuja baada ya miaka tisa si shilingi ya leo, na huwezi kuzijumlisha mbili hizo kama kwamba zimetoka mfuko mmoja. Kwanza uzirudishe zote kwenye siku ya leo. Thamani inayopatikana ndiyo huitwa thamani ya sasa, na kazi hiyo lahajedwali huifanya kwa dakika kumi. Haya ndiyo niliyoyafanya usiku ule, hatua kwa hatua, pamoja na makosa niliyokaribia kuyafanya. Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc zote zitakubali fomula zilizomo humu. Hiyo ya mwisho ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaiweka.

Hesabu yenyewe kabla ya kompyuta

Tuseme pesa zako zinaweza kukuzalia 12% kwa mwaka. Ukiwa na 375,000 leo, mwakani wakati kama huu utakuwa na 420,000. Basi kwako wewe, 420,000 za mwakani na 375,000 za leo ni kitu kimoja. Kupata moja kutoka kwa nyingine, gawa kwa 1.12. Pesa za miaka miwili ijayo, gawa kwa 1.12 mara mbili. Za miaka tisa, mara tisa. Hesabu yote ni hiyo, mengine ni mpangilio tu. Iweke kichwani namba 375,000, tutaitumia baadaye kujikagua.

Twaa kalamu kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ambayo bado haijaingia inataka daftari zaidi ya ile iliyokwisha kuingia. Kabla sijagusa kibodi nilimrudia shangazi na maswali. Zinakuja kiasi gani? Zinakuja lini hasa? Na gharama ni za nani?

La kwanza alikuwa na jibu lake. La pili hakuwa nalo. "Kila mwaka" alikuwa ameambiwa, lakini kila mwaka mwanzoni, mgeni anapoingia, au kila mwaka mwishoni, akishaikaa nyumba miezi kumi na miwili? Akaniona nasumbua. Nikamwomba amuulize mgeni kabla ya jambo jingine lolote, na utaona chini kwa nini. La tatu, la gharama, tulilisahau sote wawili, likaja kutuandama baadaye.

Kuijenga meza

Fungua lahajedwali tupu. Juu kabisa weka yale yanayoweza kubadilika, kila moja kwenye kisanduku chake. Usiyazike ndani ya fomula. Kwenye A1 (safu ya A, mstari wa 1) andika "Kiwango kwa mwaka" na kwenye B1 andika 12%. A2, "Kodi ya mwaka", B2 420000. A3, "Mkupuo", B3 2500000. Mstari wa 4 uache wazi, tutaurudia.

Namba ziandike bila koma. Koma za maelfu utaziweka kwa mpangilio wa kisanduku. Ukiziandika mwenyewe, wakati mwingine programu hudhani umeandika maneno, na maneno hayajumlishiki.

Mstari wa 5 ni wa vichwa. A5 "Kipindi", B5 "Zinazoingia", C5 "Zinazotoka", D5 "Baki", E5 "Kipunguzo", F5 "Thamani ya sasa".

Sasa mstari wa 6, ambao ndio mama wa mistari yote:

A6: 0
B6: =$B$2
C6: uache wazi
D6: =B6-C6
E6: =1/(1+$B$1)^A6
F6: =D6*E6

Alama ya dola ni nanga. Ukiikokota fomula kwenda chini, B6 itageuka B7, kisha B8, lakini $B$1 imetiwa nanga, haiendi mahali. Wanaoanza wengi huipuuza, kisha wakashangaa mstari wa pili unasoma kiwango kutoka kisanduku cha kodi.

Kwenye A7 andika =A6+1. Kisha kokota A7 mpaka A15, na B6, D6, E6, F6 nazo mpaka mstari wa 15. Umepata vipindi kumi, kuanzia 0 mpaka 9. Kwenye simu kukokota kunachosha. Nakili kisanduku, chagua vilivyo chini yake, bandika.

F16 ni jumla: =SUM(F6:F15). Na F17 ni tofauti na mkupuo: =F16-B3.

Jikague. F6 lazima iwe 420,000 kamili, kwa sababu pesa za leo hazipunguzwi. F7 lazima iwe 375,000. F15 iwe 151,456 na senti kidogo. Ikiwa F7 inakwambia 420,000 vilevile, kipindi hakikuongezeka; ikiwa inakupa namba ya ajabu, kama 1, nanga hukuitia. Ikiwa yote sawa, F16 inasoma 2,657,865.

Kwa hesabu hiyo kodi ya kila mwaka inaushinda mkupuo kwa 157,865. Mwaka wa kumi peke yake, ile 420,000 iliyomchekesha shangazi, una thamani ya laki moja na nusu tu leo. Alikuwa na haki ya kucheka.

Badili kisanduku kimoja

Sasa nenda A6, futa 0, andika 1. Ni hilo tu. Vipindi vyote vinasogea, kuwa 1 mpaka 10, yaani kodi inalipwa mwisho wa mwaka badala ya mwanzo. F16 inashuka mpaka 2,373,094.

Ni nyumba ile ile, mgeni yule yule na 420,000 zile zile mara kumi, lakini jibu limepinduka: sasa mkupuo ndio unaoshinda, kwa 126,906. Tofauti ya mwanzo na mwisho wa mwaka ni karibu laki tatu. Watu wanaweza kugombania elfu tano za kodi mpaka mate yakawakauka, na tarehe wakaiacha ijiandike yenyewe kwenye mkataba.

Mgeni alipoulizwa alisema mwanzo wa mwaka. Rudisha A6 iwe 0.

Kiwango: hapa ndipo watu hujidanganya

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu B1 ndicho kisanduku pekee ambacho hakuna mtu anayeweza kukujazia.

Kiwango si mfumuko wa bei, wala si asilimia uliyoisikia redioni. Ni jibu la swali hili: pesa hizi nikizipata leo nitazifanyia nini, na zitanizalia kiasi gani? Kama zitakaa sandukuni, kiwango chako kiko karibu na sifuri, na mkupuo hauna maana kwako. Kama una duka Langoni linalokosa mtaji na kila shilingi unayoitia inarudi na faida ya robo kwa mwaka, kiwango chako ni 25%, na mkupuo unakuwa lulu. Watu wawili wanaweza kuwekewa ofa moja, wakachagua tofauti, na wote wawili wakawa wamepatia.

Asiyekuwa na biashara aanzie na mahali ambapo angeweza kuziweka pesa bila kukosa usingizi. Benki Kuu ya Kenya huuza dhamana za muda mfupi za serikali, za siku 91, 182 na 364, na matokeo ya kila mnada hutangazwa. (Mfumo wao wa kununulia, uliozinduliwa mwaka 2023, wameuita DhowCSD. Angalau jahazi letu limefika Nairobi.) Kumbuka kuwa faida ya dhamana hizo hukatwa ushuru wa 15%, kwa hivyo ukiahidiwa 12% zinazobaki mkononi ni 10.2%. Kwenye B1 weka zinazobaki mkononi.

Najua kuna atakayeona neno asilimia na moyo ukamwendea kwenye riba. Hesabu hii haimkopeshi mtu wala haimtozi mtu, ni mizani tu. Asilimia unayoipimia inaweza kuwa faida ya mashua, ya duka, au ya sukuk (hati ya uwekezaji isiyo ya riba). Sukuk ya kwanza ya Kenya, Linzi, ilitolewa mwaka 2023 kwa shilingi bilioni 3, na faida yake ilitangazwa kuwa 11.13%. Hukumu ya sharia muulize shekhe wako. Mimi nakuonyesha pa kuiandika namba tu.

Shangazi alikuwa na wazo la kununua hisa kwenye mashua ya kubebea wageni. Tukakadiria, kwa uoga wa kutosha, 12%. Lakini kiwango kimoja hakitoshi. Badilisha B1 uone F16 inavyokwenda:

8%: 3,043,693
10%: 2,838,790
12%: 2,657,865
14%: 2,497,476
16%: 2,354,748

Kiwango kikipanda thamani ya sasa inashuka, na mahali fulani kabla ya 14% inapita 2,500,000. Mahali hapo hasa unaweza kuuliza programu. Kwenye G6 andika =D6-$B$3, kwenye G7 andika =D7, kokota G7 mpaka G15, kisha kwenye kisanduku chochote kilicho wazi:

=IRR(G6:G15)

Kikikuonyesha 14% tupu, ongeza desimali, utaona 13.97%. Namba hii naipenda kuliko zote, kwa sababu inageuza swali gumu kuwa swali ambalo shangazi anaweza kulijibu bila mimi: "Shangazi, hizo milioni mbili na nusu, unaweza kuzizalisha zaidi ya 14% kila mwaka kwa miaka yote hii?" Akanyamaza. Kisha: "Mashua yaharibika, mwanangu."

Jambo moja la tahadhari. Wako wanaopandisha kiwango kwa sababu ya hofu: mgeni atakimbia, basi tia 20%. Sipendi njia hiyo. Hofu iandike kwenye mstari wake. Sisi hapa tumeona 2011, 2014 na 2020 wageni walivyokauka. Ukidhani katika miaka kumi kutakuwa na mmoja bila mpangaji, nenda safu ya B, chagua mwaka, andika 0, uone hasara yake kwa shilingi. Hofu iliyofichwa ndani ya asilimia huipunguza miaka ya mbali zaidi ya ile ya karibu, na hakuna aliyesema mgeni hukimbia zaidi mwaka wa tisa.

Dari

Kila kitu kilikuwa kimekwisha, nimeshaanza kufunga mashine, ndipo nikaikumbuka dari. Nani anaitengeneza?

Kwa makubaliano ya mkupuo, mgeni alikuwa amesema matengenezo ni juu yake, kwa miaka kumi yote. Kwa kodi ya kila mwaka, matengenezo ni ya mwenye nyumba. Jambo hili huku kwetu si dogo. Nyumba ya mawe inakula chokaa, boriti huoza kuanzia vichwani, na fundi mzuri hapatikani kwa siku moja.

Tukakadiria boriti za dari, 120,000, mwanzoni mwa mwaka wa nne, yaani kipindi cha 3: andika 120000 kwenye C9. Na paa pamoja na chokaa, 180,000, kipindi cha 7: andika 180000 kwenye C13. Hapo ndipo safu ya C ilipopata kazi yake. Usizitoe gharama kwa jumla chini ya meza. Laki moja na themanini ya baada ya miaka saba nayo hupungua thamani kama kodi inavyopungua, na leo ni kama 81,423 tu.

F16 ikawa 2,491,028. F17 ikawa hasi: -8,972.

Yaani ofa mbili zilizoanza na pengo la 1,700,000 kwa hesabu yangu ya kijinga, sasa zinapishana kwa elfu tisa. Ukiitazama IRR, nayo imeshuka chini kidogo ya 12%.

Ushuru sikuutia kwenye meza. Nazungumzia ushuru wa serikali; kodi humu ni ile anayolipa mpangaji, na Kiswahili chetu kikichanganya hayo mawili hesabu huharibika. Tangu Januari 2024 ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi ni 7.5% ya kodi yote, kwa mwenye kupata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Gharama za matengenezo haziondolewi kwanza. Ofa zote mbili zikikatwa asilimia ile ile, mlinganisho wa kodi kwa mkupuo haubadiliki sana. Lakini ukitaka kujua pesa zitakazobaki mkononi, B6 iwe =$B$2*0.925, uikokote mpaka B15, na B3 iwe =2500000*0.925.

Njia ya mkato, na mitego yake

Kuna fomula zinazofanya yote haya kwa kisanduku kimoja. Nimeziweka hapa makusudi, baada ya meza. Mtu akizijua hizi bila kuijua meza hawezi kutambua zinapomdanganya.

Kwa kodi isiyobadilika:

=-PV(B1,10,B2,0,1)

Kiwango, idadi ya malipo, kiasi cha kila lipo, sifuri kwa kuwa hakuna pesa za ziada mwishoni, na 1 ya mwisho maana yake malipo ni mwanzo wa kipindi. Inatoa 2,657,865, sawasawa na meza kabla ya dari. Ukiisahau ile 1 ya mwisho, programu itachukua kuwa malipo ni mwisho wa mwaka, ikupe 2,373,094, na haitakuambia neno. Alama ya kutoa mwanzoni ni kwa sababu PV hufuata desturi ya mizani: kinachoingia upande mmoja kimetoka upande wa pili, basi jibu huja na hasi. Ukiona hasi usiogope, si hasara.

Kwa malipo yasiyolingana, kama yetu yenye dari ndani yake:

=D6+NPV(B1,D7:D15)

Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote. NPV huchukulia kuwa pesa ya kwanza unayoipa iko mwaka mmoja mbele. Ukiipa D6:D15 nzima, itaipunguza hata ile kodi inayolipwa leo, na mistari yote itasogea mwaka mmoja. Kwa hivyo pesa za leo zikae nje ya mabano, zijumlishwe pembeni. Nimeshaona meza za watu wazima, zimepakwa rangi na kuchapishwa, zikiwa na kosa hili tu.

Ikiwa fomula inakataliwa kabisa, jaribu kuweka nukta-mkato badala ya koma. Inategemea mashine imepangiwa nchi gani.

Kodi ya mwezi

Mgeni, aliposikia tunapiga hesabu, akaja na la tatu: 35,000 kila mwezi, mwanzo wa mwezi. Kwa mwaka ni 420,000 zile zile.

Hapa vipindi ni 120, na kiwango lazima kiwe cha mwezi. Wengi watagawa 12% kwa 12 wapate 1%. Si sahihi: 1% ya kila mwezi, faida ikizaa faida, ni zaidi ya 12% kwa mwaka. Ule mstari wa 4 tuliouacha wazi sasa ujaze. A4 "Kiwango kwa mwezi", na B4:

=(1+B1)^(1/12)-1

Kisanduku kikikuonyesha 1%, usidanganyike, ongeza desimali: ni 0.949%. Kisha:

=-PV(B4,120,35000,0,1)

Jibu ni 2,524,675. Ukitumia 1% utapata 2,463,913. Tazama zilipoangukia: moja juu ya milioni mbili na nusu, moja chini yake. Desimali iliyofichwa na mpangilio wa kisanduku ingempa shangazi jibu la kinyume.

Na hata hiyo sahihi iko chini ya kodi ya mwanzo wa mwaka kwa 133,000 na kitu. La tatu tukaliacha.

Pesa zisizo na ratiba

Binamu yangu ana mashua, na pesa zake haziji kwa mwezi wala kwa mwaka. Zinakuja na wageni, kaskazi ikivuma, kisha kidogo tena Agosti. Kwa mapato ya namna hiyo kuna XNPV, inayosoma tarehe. Kwenye ukurasa mwingine wa faili hilo hilo, safu ya A iwe tarehe, safu ya B pesa:

2026-10-01: 0
2026-12-15: 60000
2027-02-28: 80000
2027-08-15: 50000

=XNPV(12%,B1:B4,A1:A4)

Inatoa kama 180,278 kwa mapato ya 190,000. Mstari wa kwanza wenye sifuri unaonekana wa bure, lakini ndio unaoiambia programu leo ni lini. Ukiuondoa, XNPV itapima mpaka tarehe ya kwanza itakayoikuta, tarehe 15 Desemba, na itakupa 184,525, pesa ambazo binamu hana.

Tarehe ziandike mwaka kwanza, kama hapo juu. Sisi husema siku kisha mwezi, lakini mashine nyingi zimepangwa kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza, na 5/12 yako itasomwa 12 Mei. Tarehe iliyojibana kushoto mwa kisanduku haikusomwa kama tarehe kabisa. Imechukuliwa kuwa maneno.

Nyongeza

Turudi Mkomani. Kwa elfu tisa, hesabu haikuwa imemchagulia shangazi chochote. Ilikuwa imemwambia ofa ni sawa na atafute pengine pa kuvutia. Nikaanza kuchezea safu ya B. Tuseme kodi inapanda 5% kila mwaka. B6 inabaki =$B$2, B7 inakuwa =B6*1.05, kokota chini. Kabla ya matengenezo, F16 inaruka mpaka 3,195,626. Kifungu kimoja cha mkataba, na thamani ya leo imepanda zaidi ya laki tano. Ukifanya hivi usiutoe mfumuko wa bei kwenye kiwango. Nyongeza ya kodi ndiyo inayoubeba, na ukiutoa pande mbili utakuwa umeuhesabu mara mbili.

Mgeni alipoambiwa aligoma. Wakakaa barazani, wakavutana, wakafika 5% kila baada ya miaka miwili. Kwenye meza: B7 iwe =B6, B8 iwe =B6*1.05, kisha kokota B8 mpaka chini. Kila mstari utautazama ule ulio mistari miwili juu yake. F16, pamoja na dari na paa, ikasoma 2,707,187. Huo ndio mkataba uliotiwa sahihi, na kodi ya kwanza imeshaingia. Mstari wa 6 nimeupaka rangi ya kijani.

Mwakani, akitaka kujua miaka iliyobaki ina thamani gani, sitafuta mstari wowote. Nitaiandika A6 kuwa -1, ili mwaka mpya uwe sifuri, na jumla nitaianzia F7. Akipatikana wa kumnunulia mkataba huo kwa bei ya mkupuo, F16 ndiyo bei yake ya kuanzia maneno.

Nimemchapishia kwa herufi kubwa, kwa sababu ya macho yake. Aliishika ile karatasi, akaitazama kwa muda, akaniuliza jambo moja tu: mstari wa dari ni upi. Nikamwonyesha, wa tisa. Akauzungushia kalamu.